Farasi anakula Jumatatu pia

Nairobi iko na Racecourse mbili na hiyo imechelewesha watu wengi sana. Kuna Race Course Road ya kule Ngara kushuka OTC, ambayo ina mabasi, mikokoteni na wauza soksi lakini farasi hutaona hata mmoja, na kuna hii yetu ya Ngong Road, uwanja wenyewe wa mbio za farasi, ukitoka tao unapita Prestige, Adams, Junction, Dagoretti Corner, alafu mkono wa kushoto nyumba zinapungua unaanza kuona miti. Ile ya Ngara imebaki na jina tu juu zamani za mkoloni mbio zilikuwa pande hizo za Kariokor na Eastleigh, mpaka 1954 ndio uwanja ukahamia huku juu. Kwa hivyo mtu akikuambia mkutane Racecourse Jumapili muulize kwanza, ya farasi ama ya basi.

Mimi niliingia hapo kupitia mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimemaliza form four na matokeo si ya kuringia, mama akampigia kaka yake simu akamwambia huyu kijana akiendelea kukaa hapa ataoza. Wiki hiyo hiyo nikapewa gambuti, foko na wilbaro. Interview ilikuwa mjomba kunisimamisha mbele ya mlango wa farasi mmoja mkubwa ajabu, karibu kilo mia tano za nyama na hasira, na kuniambia ingia. Nikaingia. Akasema sawa, umeajiriwa, ungekimbia ningekurudisha kwa mamako.

Watu wakifikiria mbio za farasi wanafikiria kofia. Wale wamama wa kofia kubwa siku ya Derby, ile mbio kubwa ya mwaka, suti za kitani, mtoto wa balozi na aiskrimu, picha kwa gazeti kesho yake. Na hiyo siku ipo kweli, sikatai, Derby ndio siku hata mtu ambaye hajui kichwa ya farasi na mkia anakuja kupiga selfi. Lakini nyuma ya ua hiyo Jumapili ilianza saa kumi na nusu asubuhi, na Jumatatu itaanza saa hiyo hiyo, na farasi hana habari kama jana ilikuwa Derby ama ilikuwa mbio ya mwisho ya watu kumi na mbwa wawili. Ye anataka chakula.

Saa kumi na nusu hapo ni giza totoro na baridi ya kuuma masikio, ni zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mtu wa Mombasa usije na shati. Hujafika mlangoni wameshajua ni wewe. Farasi anajua miguu ya mtu wake, akikuskia anaanza kugonga mlango na kwato, mmoja akianza wote wanaanza mpaka unakimbia na ndoo. Lakini kabla uweke chakula unaangalia hori, jana usiku alimaliza ama alibakisha, juu farasi aliyebakisha chakula amekuambia kitu. Alafu unaangalia mavi. Ndio, mavi. Mangapi, magumu ama laini, yako wapi. Farasi hawezi kutapika, Mungu alimuumba hivyo, kilichoingia kimeingia, kikikwama tumboni inaweza kuwa mchezo wa saa chache. Kuna usiku nimewahi kutembea na farasi anayeumwa tumbo kuanzia magharibi mpaka wa kwanza wakaanza kuja kazini, tunazunguka tu na kamba, juu ukimwacha analala chini anajigeuza geuza kwa uchungu, na hapo ndio matumbo yanaweza kujinyonga. Daktari wa mifugo amekuja amepiga sindano amemwingiza mpira wa puani akaenda, ukabaki wewe na mnyama na mwezi. Asubuhi alipokunya nilishangilia mpaka wenzangu wakadhani nimeshinda lotto.

Baada ya hapo ndio unatoa uchafu, unageuza maranda, unajaza maji (ndoo na ndoo, farasi mmoja anaweza kumaliza lita thelathini kwa siku bila kuona haya), unapiga brashi. Alafu miguu, na hapa ndio nataka kukaa kidogo juu hii ndio kitu sijawahi kuona imeandikwa mahali.

Saisi mkuu wa stebo yetu, hapo farasi wanapolala, alikuwa mzee wa maneno machache sana. Alinifundisha miguu kwa kunishika mkono na kuupeleka. Unachuchumaa upande wa farasi, usipige magoti kamwe, ukipiga magoti hutaweza kuruka. Unateremsha mgongo wa mkono, si vidole, vidole vya mtu anayeshika sufuria kila siku haviskii kitu. Unaanzia chini ya goti la mguu wa mbele, nyuma ya mfupa, unashuka polepole mpaka pale mguu unapojikunja juu ya kwato. Hapo nyuma kuna kano, inafaa iwe nyembamba, imekaza, na baridi. Alafu unahamia mguu wa pili unarudia, juu mguu mmoja peke yake haukuambii lolote, unachotafuta ni tofauti. Kama wa kushoto una joto kuliko wa kulia, hata ile joto ya kukufanya ujiulize kama ni wewe, unasema. Huyo farasi anatembea sawa, anakula sawa, trena anayemfundisha kukimbia hajaona kitu, jokey anayempanda hajaskia kitu huko juu mgongoni, lakini ndani nyuzi za kano zimeanza kuachana na akifunguliwa mbio hiyo asubuhi unaweza kuwa umemaliza msimu wake wote, ama maisha yake yote ya mbio. Mzee alikuwa anainama hapo amefunga macho, anarudia, anasimama, anasema tu "huyu leo atembee." Na trena, pamoja na vitabu vyake na miaka yake, hakuwa anabishana, anafuta jina kwa ubao wanaendelea.

Ubaya wa hiyo kazi ni hauna ushahidi. Ukikosea, farasi anaanguka mbele ya watu wote. Ukipatia, hakuna kinachotokea, na hakuna mtu analipwa bonasi ya kitu ambacho hakikutokea.

Kwa kadi ya mbio farasi wana majina marefu ya Kizungu, nusu yake majina ya baba na mama yamegongwa pamoja. Sisi kwa stebo tuna majina yetu. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia iliyoiva tulimwita Shosho juu alikuwa anakuangalia vile nyanya yako anaangalia mtu amekuja na mkono mtupu. Shosho alikuwa hawezi kulala peke yake. Akiachwa anazunguka usiku kucha, asubuhi ametoa jasho amepoteza kilo, mbio zote ameshakimbilia ndani ya chumba. Trena akanunua mbuzi. Mbuzi wa kawaida kabisa wa soko, akawekwa ndani na Shosho, na kuanzia hiyo usiku amani. Sasa shida ikawa mbuzi. Akaanza kujiona mwenye nyumba, anakula kofia, anakula kadi za mbio, kuna siku alikula risiti ya toti, ile kamari ya uwanjani, ya mjomba wangu na mjomba mpaka leo anaapa ilikuwa imeshinda. Krismasi ikikaribia watu wa stebo wanamwangalia huyo mbuzi kwa jicho fulani, trena anatuita wote anatuonya kabisa, huyu ni mfanyakazi.

Jumapili sasa. Farasi wako ana mbio ya nne, wewe uko na yeye tangu alfajiri, umempunguzia nyasi, umemsuka manyoya ya shingo, umemvalisha hatamu nzuri. Fundi amempigia viatu vya aluminiamu vyepesi vya mbio. Jokey anatoka chumba cha mizani na tandiko lake mkononi, huyo naye hajala kitu tangu jana mchana isipokuwa chai ya rangi, kilo mbili zake zilibaki kwa sweta za kukimbilia juani. Watu husema jokey ni mtu mdogo tu ameketi. Jaribu kuchuchumaa juu ya vidole dakika mbili kwa kiti kinachoruka, huku mikono inavutwa na mnyama anayeenda kilomita sitini kwa saa. Unawazungusha padoki, pale farasi wanaonyeshwa kabla ya mbio, wenye farasi wanakuja wanasimama katikati ya nyasi wanaongea mambo yao, na wewe unazunguka. Kwa hizo dakika, mtu anayejua zaidi ya wote kama huyu farasi ako sawa ni yule ameshika kamba, na ndiye mtu peke yake hakuna anayemuuliza.

Kwanini sasa mahali kama hapa panaumwa? Watu husema ni wachezaji kamari wameisha. Ni kweli lakini mimi naona ni nusu ya hadithi, na ni nusu ya mwisho. Shida inaanza na idadi ya farasi.

Mbio tamu ni ya farasi kumi, kumi na wawili. Hapo hakuna mwenye uhakika, kila mtu na wake, kelele mpaka mwisho. Mbio ya farasi wanne ni mazungumzo. Wote pale kwa uzio wanajua nani anashinda, wanabishana tu nani wa pili. Na ukiwa na farasi wachache hata yule anayepanga uzito wa kila farasi anashindwa kufanya kazi yake, juu kazi yake ni kumpa farasi mkali risasi nyingi (ile madini nzito, si ya bunduki) ndani ya tandiko na yule mnyonge kidogo ili wote wafike pamoja, lakini akibaki na hao wanne, mmoja ni moto na wengine ni wa kutembelea shamba, utamwekea risasi mpaka wapi? Anashinda tu. Wiki tatu zijazo wanakutana tena hao hao.

Na toti inakufa hapo hapo. Toti si mtu anakupa bei, ni chungu, pesa zote zinaingia, nyumba, yaani wenye mchezo, inakata yake, zilizobaki wanagawana waliobahatisha. Tuseme chungu kina 30,000 na nyumba inakata robo, inabaki 22,500. Farasi anayependwa amewekewa 10,000, kwa hivyo kila shilingi inarudi na 2.25. Si mbaya. Sasa wewe umepata mshahara unajiskia, unaweka 5,000 kwa huyo huyo. Chungu sasa ni 35,000, ikikatwa ni 26,250, lakini juu yake kuna 15,000. Bei imeshuka mpaka 1.75 na ni wewe umeishusha na mkono wako. Kwa chungu kikubwa hiyo elfu tano yako haionekani, kwa chungu kidogo unajipunja mwenyewe. Mchezaji mwenye akili anaona hivyo mara moja ya pili anaondoka, chungu kinazidi kuwa kidogo. Chungu kikiwa kidogo zawadi inakuwa ndogo, zawadi ikiwa ndogo mwenye farasi anapiga hesabu ya nyasi, daktari, viatu kila wiki tano hivi, trena, saisi, anaona hata akishinda kila mwezi hapati pesa yake. Anauza. Ama hanunui mwingine huyu akizeeka. Farasi wanapungua, tumerudi pale tulianzia.

Na mwenye farasi hawezi kusema atauza nje ya nchi. Afrika tuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na tuvisubi tudogo, African horse sickness, pundamilia anaubeba wala haumsumbui, punda wa kawaida wengi hawatetereki, lakini farasi wa mbio anaweza kufa nao haraka sana, mapafu yanajaa maji. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zinaweka masharti makali sana kwa farasi kutoka huku. Kwa hivyo farasi aliyezaliwa kwa shamba la Naivasha ama Molo, hata awe na mbio za ajabu, dunia yake inaishia hapa Ngong Road. Akimaliza mbio, mwenye bahati anaenda polo hapo jirani Jamhuri, ama shule ya kufundisha watoto kupanda, ama ranchi za watalii.

Alafu njoo kwa kamari yenyewe. Zamani kama unataka kubeti na wewe si mtu wa kadi za kujificha, Jumapili ulikuja Racecourse. Siku hizi mtu anabeti kwa choo. Kutoka 2014 hivi simu ikaleta mpira wa Uingereza mpaka mfukoni, M-Pesa inaingia M-Pesa inatoka, hakuna nauli, hakuna kusimama juani. Lakini iliyonichoma zaidi ni hii. Kuna duka la beti nililokuwa napita kila jioni nikienda kulala Ng'ando, ng'ambo tu ya barabara. Ndani watu wamejaa wanapiga kelele, naangalia skrini, ni mbio za farasi. Farasi wa kompyuta! Wamechorwa, hawana mguu wa kushikwa, wanakimbia kila dakika chache usiku na mchana, hakuna anayekula, hakuna anayeumwa tumbo. Na jamaa mmoja anayenijua, anajua kabisa kazi yangu, ananigeukia ananiuliza kwa uchungu wa ukweli, "aki huyu namba tano unamuonaje?" Farasi wa damu wamelala ng'ambo ya barabara. Nilimwambia namba tano anaonekana amechoka. Akaweka namba mbili.

2020 ndio tuliona rangi zote. Machi corona ikatangazwa, mikusanyiko ikafungwa, mbio zikasimama. Sasa mpira ukisimama unafunga ofisi unazima taa unaenda nyumbani, mpira haupigi mlango saa kumi na nusu. Farasi wa mbio ukimwacha amesimama siku nne ndani ya chumba anabomoa chumba, ama misuli inamkaza ukimtoa ghafla, kwa hivyo lazima atembezwe, akimbizwe kidogo, apigwe viatu, apewe dawa ya minyoo, yote kama kawaida na hakuna hata shilingi inayoingia langoni. Alafu serikali ikaweka kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Saa kumi na moja sisi tunatakiwa tuwe tumeshamaliza kulisha! Ilibidi wa nje wahamie ndani. Tukalala kwa chumba cha matandiko, watu kwa magodoro juu ya magunia ya chakula, harufu ya ngozi na mafuta ya miguu. Mahali nilikuwa nafanya mshahara ukaja nusu, mwezi mwingine ukaja unga na mafuta ya kupikia. Sikuondoka. Si uzalendo, wacha nisidanganye, ni kwamba hakukuwa na kwa kuondokea, na pia mtu ukishajua huyu Shosho asiponiona anakataa chakula, kuondoka si kitu unafanya hivi hivi.

Mvua ikagoma juu yake, ule ukame wa 2021 kuja 2023, bale ya boma rhodes, ile nyasi kavu, ikawa inaangaliwa na kila mtu mwenye ng'ombe, mbuzi na farasi, na wenye ng'ombe wa maziwa walikuwa tayari kulipa zaidi yetu. Na uwanja bila mvua unakuwa lami. Farasi akigonga lami na kilo mia tano miguu inajibu, kwa hivyo hata wale wachache waliobaki nusu wanapumzishwa, mbio ya saba inafutwa, mtu alikuja na familia anaambiwa kuna mbio sita tu.

Wenye uwanja wanahangaika kuziba pengo na siwezi kuwalaumu. Katikati ya njia ya mbio kuna gofu. Kuna ile siku ya magari ya zamani, Concours d'Elegance, magari yanang'arishwa mpaka chini ya boneti na watu wanajaa kuliko hata mbio zenyewe nyingi. Kuna harusi, kuna matamasha. Bill ya maji haiulizi pesa ilitoka kwa farasi ama kwa dijei. Kwa stebo lakini tamasha la Jumamosi usiku ni msiba, besi inapiga mpaka maji yanatetemeka kwa ndoo, na wewe kesho una mbio. Mzee alikuwa anaweka redio ya Kikuyu kwa sauti kati ya vyumba usiku wa tamasha, anasema wakiwa na kelele yao wenyewe hawaogopi ya wengine. Ilikuwa inasaidia, sijui ni sayansi gani.

Kila nikiongea haya kuna mtu lazima aniambie si wauze hiyo ardhi, Ngong Road saa hii iko double mpaka Karen, unajua hapo apartments ngapi zinaingia? Najua. Na si sisi peke yetu tunaangaliwa hivyo. Macau, mahali dunia nzima inaenda kucheza kamari, walifunga mbio za farasi Aprili 2024. Singapore walikuwa na mbio tangu 1842, wakakimbiza ya mwisho Oktoba 5, 2024, serikali inarudisha shamba ijenge nyumba. Hao ni matajiri. Kwa hivyo mtu akisema hii yetu itafungwa siwezi kumcheka. Ninachomuuliza ni kama anajua kilicho ndani. Siongei majumba, hizo stands ni za zamani na zinajionyesha. Naongea mikono. Hapo kuna watu wamepokezana hii kazi kwa miaka mingi. Matrena wanawake walikuwa wanafanya kazi hapa Kenya wakati kwingine wangeambiwa warudi jikoni, Beryl Markham alipata leseni yake akiwa msichana mdogo tu, kabla hajavuka Atlantiki na ndege peke yake 1936, na uzeeni alirudi kuishi karibu na uwanja huu mpaka alipofariki 1986, na siku hizi ukiuliza trena ni nani jina Patsy Sercombe litatajwa mapema. Hao wana majina. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na saisi aliyeshika miguu alfajiri, na huyo hana cheti, hana kitabu, akienda shags na ujuzi wake umeenda shags. Mwanafunzi unamfundisha nini kama farasi wa kufundishia hawapo? Mkono unajua mguu mbovu kwa kushika mizuri mia kwanza.

Wanaobaki na nguvu wanaenda Gulf. Huko ni dunia nyingine, Dubai World Cup zawadi ni dola milioni 12, Saudi Cup ni milioni 20, na cha kushangaza ni kwamba Dubai hauruhusiwi kubeti pale uwanjani. Hakuna toti, hakuna chungu. Pesa ni ya masheikh wanaopenda farasi, basi. Sisi huku tunasema kamari ikifa farasi wanakufa, kumbe kamari ilikuwa tu namna ya kuwalipia nyasi.

Kijana mmoja tuliyebeba naye wilbaro alienda huko. Anatutumia video, farasi wanaogelea kwenye dimbwi lao, vyumba vina eyakondishena, kuna mashine ya kupiga picha ya kano ndani ya mguu wakati farasi amesimama anakula karoti. Juzi akatuma voice note kwa simu yangu anataka nimpelekee mzee, juu mzee amestaafu na kasimu kake ni ka kabambe. Nikaenda nikamwekea sikioni. Kijana anasema mashine imesema mguu uko sawa, daktari amesema uko sawa, lakini yeye akishika anaskia joto kidogo wa kushoto, na Ijumaa kuna mbio, aseme ama anyamaze?

Mzee akaniambia rudisha nisikie tena. Alafu akauliza, alishika na mgongo wa mkono ama na vidole? Nikampigia kijana. Mgongo. Alishika kabla ya kunywa chai ama baada? Kabla. Mzee akasema amwambie bosi wake huyo farasi atembee mpaka wiki ijayo, na akikataa aandike tarehe kwa karatasi aweke mfukoni.

Bosi akakubali. Kijana akafurahi akatuma elfu tatu kwa M-Pesa ya kumshukuru mzee. Nikamtolea nikampelekea, akazihesabu, akaniangalia, akaniambia niulize huko kama hii ni ya mguu mmoja, juu farasi wako na minne.